Kila Sura Ina Mwenyewe

Kijana aliingia fremuni kwangu, hapa Majengo, saa nne asubuhi, na flashi mkononi na haraka ya mtu ambaye filamu yake inazinduliwa Jumamosi. Alitaka bango. Filamu yenyewe, akanieleza, inahusu mgogoro wa kiwanja: ndugu wawili wa baba mmoja, kiwanja kimoja, hati mbili. Hapa Dodoma kisa hicho hakihitaji kufafanuliwa. Tangu Serikali ihamie, mwenye kiwanja halali usingizi mzito, na asiye nacho halali kabisa.

Nikamwambia anipe hadi kesho. Usiku nilikaa kwenye kompyuta nikatengeneza kitu ambacho mpaka leo nakionea fahari. Udongo mwekundu karatasi nzima. Katikati bikoni moja ya zege, ile fupi wanayochimbia wapimaji kwenye kona ya kiwanja. Kwenye bikoni hiyo vinaanzia vivuli viwili: kimoja kimelalia kushoto, kingine kulia. Jua ni moja, haliwezi kutupa vivuli viwili pande mbili, kwa hiyo mtu akilitazama bango anahisi kuna kitu hakijakaa sawa kabla hajajua ni nini. Jina la filamu nililiweka chini kwa herufi nyeupe. Mtu hata mmoja hakuwemo.

Kijana aliliangalia kimya. Akavuta kiti, akakaa.

"Kaka, ni kali. Sasa mimi niko wapi?"

Ndiye steringi, na ndiye aliyeitunga, kwa hiyo nikamweka. Akasema lazima awemo dada aliyecheza kama mchumba, maana ana wafuasi wengi mtandaoni. Halafu mzee aliyecheza hakimu, kwa sababu ua walilopigia picha ni lake na bado wanalihitaji kwa sehemu ya pili. Halafu mama mmoja aliyewapikia ugali na mlenda wiki mbili bila kudai senti, akapewa kipande cha kuigiza cha nusu dakika. Mwisho akanionyesha picha ya jamaa wa makamo aliyevaa miwani ya jua. Nikauliza, huyu anacheza nani?

"Huyu hayumo kwenye muvi," akasema kwa sauti ya chini, "ila ndiye aliyetoa gari."

Kufika alasiri vichwa vilikuwa kumi na kimoja, vimepangwa kama picha ya mahafali ya darasa la saba. Bikoni ilikuwa bado ipo. Ilikuwa chini kulia, ndogo kama punje ya karanga, jirani na namba ya simu.

Watu wa fani yangu tukikutana hupenda kusema mabango yetu yanajaa kwa sababu vijana hawajasomea sanaa, au kwa sababu siku hizi kila mwenye laptopu ni dizaina. Siamini. Anayeweza kukata vichwa kumi na kimoja kutoka kwenye picha za simu, unywele kwa unywele, akavipa mwanga unaofanana na kuwasha moto nyuma yake, huyo ana mikono. Kinachojaza bango ni deni. Huyu alitoa gari, yule ua, yule jina lake, na malipo yao ni kuonekana. Ukiitoa sura moja umemvunjia mtu heshima, tena hadharani, tena kwa karatasi ya futi tatu kwa nne.

Ndiyo maana ninapotazama mabango ya kale ya sinema yanayosifiwa duniani kwa uchache wake, rangi na herufi huwa naziangalia baadaye. Kwanza najiuliza: hapa nani alitolewa, na nani alikuwa na ubavu wa kumtoa?

Maana hata Hollywood sura zina wenyewe. Mwaka 1974 kampuni mbili kubwa, Twentieth Century-Fox na Warner Bros., ziliungana kutengeneza The Towering Inferno, picha ya ghorofa refu linaloungua moto. Ndani yake walikuwemo Steve McQueen na Paul Newman, masteringi wawili kwenye picha moja. Jina la nani litangulie? Suluhu iliyopatikana inanifurahisha kuliko filamu yenyewe: la McQueen likawekwa kushoto lakini chini kidogo, la Newman kulia lakini juu kidogo. Anayesoma kutoka kushoto anaanza na McQueen, anayesoma kutoka juu anaanza na Newman, na kila mmoja akarudi kwake ameshinda. Chini ya bango hilo kuna safu ya visanduku, kila kimoja na sura ya mwigizaji. Ukilitazama vizuri utamwona babu mzaa babu wa lile bango langu la vichwa kumi na kimoja.

Hata yale maandishi membamba yaliyobanana chini ya bango la Kimarekani, yasiyosomwa na mtu, yametoka kwenye mikataba. Mkataba ndio unaosema nani atajwe, baada ya nani, na mara nyingi hata herufi zake ziwe na ukubwa gani zikipimwa na jina la filamu. Madizaina wetu huyachukua kama pambo. Niliwahi kuletewa kazi ya kuprinti, filamu ya hapa hapa mjini, na chini yake yamebaki majina ya Wazungu ambao mwenye filamu hajawahi kuwasikia. Nikamwonyesha. Akasema yaache, yanapendezesha.

Sasa mtazame Saul Bass. Alizaliwa New York mwaka 1920, akafariki mwaka 1996, na katikati hapo alichora vitu ambavyo mpaka leo wanafunzi wa sanaa wanaviiga. Mwaka 1955 mwongozaji Otto Preminger alimpa kazi ya The Man with the Golden Arm, ambamo Frank Sinatra anacheza mgawa karata mwenye uraibu wa heroini. Bass akatoa mkono. Mkono mweusi wenye pembepembe, kama umekatwa na mkasi wa mtu mwenye hasira, umepinda, vidole vimekakamaa. Ni mkono wa kugawia karata, na ndio huo huo wa kuchomea sindano. Lakini kwenye bango lililosambaa zaidi zipo pia picha za Sinatra, Eleanor Parker na Kim Novak, zimepangwa kwenye vipande vya rangi kandokando ya mkono ule. Hilo hunifariji sana. Ni kana kwamba hata Bass alivutiwa kiti akaulizwa: sasa steringi yuko wapi?

Miaka minne baadaye, kwa mwongozaji yule yule, sura zikaondoka. Bango la Anatomy of a Murder, la mwaka 1959, ni rangi ya chungwa iliyoiva na mwili mweusi uliolala juu yake. Mwili huo umekatwa vipande: kichwa peke yake, kiwiliwili, mikono, miguu. Kila kipande kipo mahali pake, ila hakuna kinachomgusa mwenziwe. Jina la filamu limeandikwa juu ya mwili kwa herufi zinazoyumba, kama zimekatwa kwa mkono bila rula. James Stewart alikuwa nyota mkubwa wakati huo. Yupo kwa jina, uso wake haupo.

Filamu ni ya kesi. Stewart ni wakili anayemtetea ofisa wa jeshi aliyemuua mtu, ofisa anayedai kwamba mtu huyo alimbaka mkewe. Saa mbili na zaidi mashahidi wanapanda kizimbani, kila mmoja analeta kipande chake, na kila kipande kinaonekana cha kweli. Unapotoka sinema bado hujui kwa hakika nini kilitokea. Ndiyo ile mianya. Bass hakuchora maiti wala mahakama. Alichora vipande ambavyo vingetakiwa kuungana na haviungani, akamwachia mtazamaji jicho lake limalizie kazi.

Nilijaribu kuliiga bango hilo kwa mkono, asubuhi moja ya Machi ambayo mvua ilinyesha na wateja hawakuja. Manila nyeusi, mkasi wa kushonea wa mke wangu, na bango la semina lililokosewa tarehe nikaligeuza nyuma liwe ubao. Kukata hakukunichukua hata robo saa. Kilichonitesa ni mwanya. Ukiusogeza mkono mbali na bega kwa upana wa vidole viwili, mtu anapotea na unabaki na mabaki ya kitambaa kwa fundi cherehani. Ukiusogeza mpaka ubaki uzi tu, mtu anapona, kesi imekwisha. Kuna umbali mmoja, kwangu ulikuwa kama upana wa kidole cha shahada kwa karatasi ya A2, ambapo bado ni mtu na tayari si mtu. Niliutafuta umbali huo mpaka mvua ikakatika. Tangu siku hiyo mtu akiniambia bango la Bass "hata mtoto anaweza," namkabidhi mkasi.

Mwaka mmoja kabla ya Anatomy of a Murder, 1958, Bass alikuwa amefanya bango la Vertigo, ya Alfred Hitchcock. Nalo ni rangi ya chungwa. Katikati kuna mistari myeupe inayojizungusha kama maji yanayozama kwenye tundu la sinki, na ndani yake watu wawili wanaanguka. Mwanamume amejazwa weusi mtupu. Mwanamke ni mstari wa pembeni tu, ndani hana kitu, unaona chungwa likipita mwilini mwake. Aliyeiona filamu anaelewa: mwanamume yule anampenda mwanamke ambaye kwa sehemu kubwa amemtengeneza kichwani mwake. Kumjaza rangi mmoja na kumwacha mwingine mtupu kumetosha kusema hayo.

Lakini turudi kwenye ubavu. Preminger hakuwa mwongozaji tu, alikuwa pia mtayarishaji wa filamu zake. Mwenye mali ndiye mwenye amri. Mkono ule na mwili ule vilitumika kwenye bango, kwenye matangazo ya magazeti, na kwenye maandishi ya mwanzo wa filamu, alama ile ile moja kila mahali. Ili hilo liwezekane lazima awepo mtu mmoja anayeweza kusema hapana kwa wote na kesho bado wanamsalimia.

Nchini Poland waliokuwa na jibu la hapana walikuwa wengi zaidi, na sababu yake ni ya ajabu kidogo: hakukuwa na haja ya kuuza. Baada ya Vita Kuu ya Pili usambazaji wa filamu ulikuwa mikononi mwa dola, na wasambazaji hao wakawapa kazi ya mabango wasanii wa kweli, watu kama Henryk Tomaszewski, Jan Lenica na Roman Cieślewicz. Ukumbi ungejaa au usingejaa, msanii hakuwa na mtu wa kumpigia simu kulalamika kwamba uso wa nyota hauonekani. Filamu za Marekani zilipofika huko zilivuliwa mabango yao na kuvishwa mapya. Vertigo hiyo hiyo, kwa mikono ya Cieślewicz mwaka 1963, ikawa fuvu la kichwa lenye mizunguko iliyobanana kama alama ya dole gumba. Liweke jirani na la Bass: filamu moja, wachoraji wawili waliokuwa pande mbili za dunia iliyogawanyika, wote wamekimbilia duara linalozunguka, wote wamewaacha masteringi mlangoni. Bass anakuonyesha kuanguka. Cieślewicz anakuonyesha kichwa ambamo kuanguka kunatokea. Mimi nachagua la Cieślewicz kwa ukutani na la Bass kwa barabarani, na siku nyingine nabadilisha.

Sitaki mtu adhani nausifu udhibiti wa dola. Wasanii wale walikuwa na vizuizi vingine, na cha siasa hakikuwa kidogo. Nasema tu kwamba deni moja, lile la kuwaonyesha walioigiza, hawakuwa nalo.

Cuba walifika mahali pale pale kwa njia ya uhaba. Taasisi yao ya filamu, ICAIC, ilianzishwa mwaka 1959, na mabango yake yaliprintiwa kwa skrini ya hariri, sentimita 51 kwa 76, karatasi na wino vikiwa vya kubahatisha. Anayeprinti fulana za kampeni na harusi anaijua kazi hiyo: kila rangi ina skrini yake, kila skrini ina siku yake ya kukauka. Rangi tatu ni mizunguko mitatu. Ukiambiwa uweke sura yenye vivuli laini vya shavu na pua, unalia. Kwa hiyo unatafuta umbo moja lililokatika vizuri, unalijaza rangi bapa, unamaliza. Wachoraji kama Eduardo Muñoz Bachs na René Azcuy waliufanya ukata huo uwe mtindo ambao leo watu wanautafuta kwa fedha nyingi.

Hapa ndipo rafiki yangu mmoja, naye dizaina, hunikatiza kila mara. Anasema: hayo ni mambo ya Wazungu na Wakyuba, sisi tunapenda vitu vilivyojaa, harusi yetu imejaa, sahani yetu imejaa, na bango letu lijae. Ni hoja tamu, na ina kaukweli. Lakini namwomba akumbuke ubao wa banda la video.

Aliyekulia mji wowote wa katikati ya nchi hii enzi za kanda anaujua. Banda la mabati, mabenchi ya mbao, kelele za jenereta, na nje kwenye mti umeegemezwa ubao mweusi kama wa shuleni, umekatika pembe. Mzee wa banda letu hakuwa na karatasi, hakuwa na picha za nyota, na vipande vyake vya chaki vilikuwa vifupi kiasi kwamba alivishika kwa kucha. Aliandika saa ya kuanza, akaandika jina la picha kama alivyolisikia, halafu akachora kitu kimoja. Upanga, maana yake ni ya Kichina. Bunduki iliyolala, ya kikomandoo. Moyo wenye matone mawili, picha la Kihindi, njoo na leso. Siku nyingine alichora nyoka amesimama kwa mkia, na siku hiyo banda lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya mapipa nje ya dirisha.

Mara moja alichora kiatu. Kiatu kimoja tu, kimelala ubavu. Tulibishana shule nzima kutwa, kiatu cha nani, kwa nini kimelala, mwenye nacho yuko wapi. Jioni tulienda wote. Picha yenyewe nimeshaisahau, hata kama kiatu kilikuwemo sikumbuki. Kiatu cha chaki nakiona mpaka sasa, pamoja na kamba yake iliyolegea. Yule mzee alikuwa msambazaji, mchora bango na mkata tiketi, wote ndani ya shati moja. Hakuwa na wa kumuuliza "mimi niko wapi?"

Na kabla ya chaki, na hata leo, tuna kanga. Pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, sentensi moja tu, chini. Picha moja na msemo mmoja, rangi mbili tatu, na mwanamke akipita barabarani ujumbe umeshafika kwa jirani aliyekusudiwa. Kama kuna dizaina nchi hii anayetaka kujifunza wapi aweke picha na wapi aweke neno, somo limefungwa kiunoni mwa shangazi yake. Au apande gari la Babati ashuke Kolo, mbele ya Kondoa mjini, akapande mlima kuangalia ile michoro ya miambani ambayo UNESCO iliitia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Twiga mzima kwa rangi nyekundu, bila jicho, bila madoa ya kuhesabu, na hakuna anayeuliza ni mnyama gani.

Kwa hiyo uchache si mgeni kwetu. Kilichobadilika ni mahali bango linapofanyia kazi, na kwa hili lazima nimtendee haki mwenye vichwa kumi na kimoja. Enzi za majumba ya sinema, bango lilikaa mlangoni, na mtu aliyelisoma alikuwa ameshatoka nyumbani kwenda sinema. Enzi za Bongo Movie, miaka ya 2000, filamu ziliuzwa mezani, kava pembeni ya kava, mamia, na mnunuzi hakuwa ananunua kisa, alikuwa ananunua mtu. Nipe ya Kanumba mpya. Nipe ya Ray. Kava bila uso wa Kanumba lilikuwa ni kumficha samaki kwenye soko la samaki. Aliyejaza sura kwenye kava la VCD alikuwa anafanya hesabu sahihi kabisa. Tabu ni kwamba VCD imekufa na hesabu imebaki.

Tena yapo mabango yaliyojaa ninayoyapenda kuliko mengi yaliyo matupu. Ghana, miaka ya 1980 na 1990, wenye video za kuzunguka na jenereta waliagiza mabango kwa wachoraji wa mkono, yakachorwa kwa rangi ya mafuta kwenye magunia ya unga yaliyofumuliwa na kuunganishwa. Mara nyingi mchoraji hakuwa ameiona filamu. Damu inaruka, nyoka ana meno ya mamba, misuli ina misuli. Hakuna chochote kilichoachwa nje, na bado unasimama kuyatazama mdomo wazi, kwa sababu kila kilichomo kimewekwa ili kikuvute uingie na hakuna hata kimoja kilichowekwa kumshukuru mwenye gari. Hapo nadhani ndipo mstari ulipo. Papa wa Jaws, ya mwaka 1975, naye hakuchorwa kwa mistari miwili. Roger Kastel alimpaka kwa rangi, jino kwa jino, awali kwa ajili ya jalada la kitabu, baada ya kwenda kuwatazama papa waliokaushwa kwenye jumba la makumbusho New York. Ni mchoro wenye kazi nyingi. Ila bango zima ni jambo moja: kitu kikubwa kinapanda, na mwanamke anayeogelea juu hajui.

Dodoma yetu inazidisha tatizo, kwa sababu huu ni mji wa bango la warsha. Kila wiki napokea kazi hizo: nembo ya wizara, nembo saba za wadau, kaulimbiu ya mistari mitatu, tarehe, ukumbi, picha ya mgeni rasmi. Hakuna nembo inayoweza kupunguzwa hata milimita, na ukijaribu unapigiwa simu na mtu anayeanza kwa salamu ndefu. Mkutano ukiisha bango linaenda mitaani kufanya kazi ya maana. Ukipita Nkuhungu utaona tofali zimefunikwa na kaulimbiu ya mwaka juzi. Vijana wa filamu wameyaona mabango hayo maisha yao yote, na wakitaka filamu yao ionekane ya heshima wanaivalisha joho lile lile.

Halafu kuna jua. Jua la Dodoma halina simile. Nyekundu na njano ndizo hukimbia kwanza, kwa hiyo sura zinazobandikwa Februari zikiwa na afya njema, kufika Juni zimekuwa za bluu kama watu waliozama ziwani. Nyeusi hubaki. Umbo jeusi lililokatika vizuri juu ya karatasi litasomeka hata rangi ikiisha, na litasomeka kutoka kwenye bajaji inayozunguka raundi abauti bila kusimama. Nimelipima hilo kwa macho yangu kwenye ukuta wa mbele ya fremu, ambako nimebandika bango lile la vichwa kumi na kimoja na pembeni yake nakala ya vipande vyangu vya manila. Wapita njia husimama kwenye vipande. Mama muuza mboga wa jirani aliniuliza kama ni tangazo la hospitali.

Yule kijana alirudi wiki iliyopita. Filamu ilizinduliwa, ukumbi ulijaa nusu, na sasa anataka kuiweka mtandaoni. Akanitolea simu yake, kioo kimepasuka kwenye kona, akanionyesha jinsi bango linavyoonekana kwenye orodha pamoja na filamu nyingine: mraba mdogo kama ukucha wa kidole gumba. Vichwa kumi na kimoja vilikuwa vimegeuka uji wa ulezi.

"Kaka, hatuonekani," akasema.

Nikamjibu kwamba naona.

"Ile ya bikoni unayo bado?"

Nikafungua kompyuta. Ilikuwepo, udongo wake mwekundu vile vile, vivuli vyake viwili. Nikaipunguza mpaka ikawa saizi ya ukucha na bado bikoni ilikuwa bikoni. Aliinama akaitazama, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama tena.

"Hii hapa ndiyo," akasema. "Tuiweke hii. Ila tuongeze sura mbili tu, kaka. Mbili tu."

"Zipi mbili, mdogo wangu?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Akavuta kiti kile kile, akakaa, akaanza kuhesabu kwa vidole.